Kageye, Mji wa Maji: Habari Zake Katika Vitabu vya Wasafiri

Anayetafuta habari za miji ya kale iliyoishi kwa njia ya maji hupelekwa na vitabu mpaka China, na hasa mpaka Suzhou. Mji huo, kwa hesabu ya Wachina wenyewe, ulianza mwaka 514 kabla ya Kristo. Njia zake nyingi ni mifereji, na mashua hupita chini ya madaraja ya mawe. Umeshikamana na ule Mfereji Mkuu ambao wafalme wa nasaba ya Sui waliuunganisha kati ya mwaka 605 na 610, nao toka Beijing hata Hangzhou hupata kilomita 1,800 hivi. Marco Polo alipoandika habari za Suzhou alisema kwamba mna madaraja ya mawe 6,000. Walakini wenyeji walikuwa wamekwisha kuchonga ramani ya mji wao juu ya jiwe mwaka 1229, kabla Polo hajazaliwa, na jiwe hilo lipo hata leo. Madaraja yaliyochongwa humo yazidi kidogo 300.

Twataja jambo hili la mbali kwa sababu moja tu. Msafiri akikosa katika habari za Suzhou, jiwe la Suzhou humsahihisha. Je, akikosa katika habari za mji ambao haukuchonga jiwe, nani atamsahihisha? Swali hili ndilo lililotufanya tuyasome tena maandiko ya wasafiri na ya wamisionari juu ya Kageye, mji wa pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria, kwenye ghuba iitwayo ya Speke, unaokabili visiwa vya Ukerewe. Stanley aliandika Kagehyi, watu wa Church Missionary Society wakaandika Kagei, na wengine wakaandika namna nyingine. Sisi twafuata Kageye, jinsi jina liandikwavyo siku hizi.

Twawaandikia hasa waalimu na mapadre wa Shinyanga na Geita, ijapokuwa Kageye haimo katika mikoa yao. Njia ya misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda ziwani ilipita katikati ya nchi iitwayo leo Shinyanga. Na majembe yaliyouzwa ziwani, kama tutakavyoonyesha, tunadhani yalitoka upande wa Geita. Tena tumelisikia mara nyingi lile neno la darasani, kwamba nchi hii haikuwa na mji wo wote kabla ya reli kufika Mwanza mwaka 1928. Mtoto akiambiwa hivi na mwalimu wake huliamini, wala hana jiwe la kumjibu.

Na tuanze na Stanley, kwa kuwa wengi waliomfuata walikunywa katika kisima chake. Alitoka Bagamoyo Novemba 17, 1874, akapita Ugogo na Iramba, akaingia Usukuma, akafika Kageye Februari 27, 1875. Wapagazi wake walikuwa wamechukua mashua yake, Lady Alice, vipande vipande toka pwani. Nayo iliungwa hapo Kageye, ikashushwa majini, na Machi 8 akaanza kulizunguka ziwa. Alirudi mwezi wa Mei, akakuta ya kuwa kijana mmoja katika Waingereza wake, Frederick Barker, amekwisha kufa kwa homa na kuzikwa hapo. Mambo haya yamo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1878, na hatuna sababu ya kuyatilia shaka.

Ila kuna fungu moja katika kitabu hicho ambalo twaomba wasomaji wetu walisome polepole. Stanley asema kwamba kijiji cha Kageye, baada ya yeye kufika, kilipata cheo kikubwa katika nchi ile, na wachuuzi wakaja toka maili 20 au 30 kila upande. Kisha awataja mmoja mmoja. Wavuvi wa Ukerewe walikuja na mitumbwi yao, wakaleta samaki wakavu. Watu wa Magu na wa nchi jirani za mashariki walileta mihogo na ndizi mbivu. Wachungaji wa Usmau, mwendo wa maili 30 kuelekea kusini, walileta ng'ombe. Watu wa Mwanza walileta majembe, nyaya za chuma, chumvi, viazi vitamu na viazi vikuu.

Mwandishi apenda kutuaminisha kwamba yeye na watu wake ndio waliolifanya soko hilo. Nasi twasema kwamba orodha yake mwenyewe yamkana. Samaki mkavu hakaushwi kwa sababu Mzungu amefika juzi. Ng'ombe hawaswagwi maili 30 kwenda mahali ambapo mwenye ng'ombe hajui kama atapata mnunuzi. Jembe haliyeyushwi mawe, kufuliwa na kuvushwa maji katika siku tano au kumi. Zaidi ya hayo, tazameni namna bidhaa zilivyogawanyika: huku samaki, huku mihogo, huku mifugo, huku chuma na chumvi, kila nchi imeleta kile ambacho jirani yake hana. Mgawanyo wa namna hii haupatikani ila mahali ambapo watu wamezoea kukutana miaka mingi, kila mmoja akijua atakachokikuta na atakachokiacha. Stanley alikuta gulio. Ujio wake uliliongeza, labda kwa wingi, kwa maana msafara wenye mamia ya watu walao kila siku ni mnunuzi mwema. Lakini kuliongeza gulio si kulizaa.

Basi, hilo ndilo jiwe letu. Mji usiochonga ramani huacha alama katika hesabu za mgeni, hata pale ambapo maneno ya mgeni huyo yaufuta.

Na tuyatazame majembe yale zaidi kidogo, maana ndiyo yatuvutayo upande wa Geita. Stanley ayataja kuwa bidhaa ya watu wa Mwanza. Walakini nchi iliyosifiwa kwa kuyeyusha na kufua chuma ni ng'ambo ya pili ya maji, Uzinza, kwa mafundi waitwao Warongo. Kati ya Uzinza na Usukuma umelala mkono mrefu wa ziwa, ile ghuba ya Mwanza ambayo ramani za Waingereza ziliiita Smith Sound, uingiao kusini ndani ya nchi kama mfereji ambao mkono wa mtu haukuuchimba. Jembe la Mrongo lisingefika Mwanza kwa urahisi ila kwa kuuvuka mkono huo kwa mtumbwi. Kwa hiyo twadhani (tena twalisema kama dhana, si kama ushuhuda) kwamba watu wa Mwanza katika orodha ya Stanley walikuwa wachukuzi wa kazi ya mafundi wa Geita, na kwamba yalikuwapo maingiliano ya majini, toka ng'ambo hii hata ng'ambo hii, yaliyotangulia msafara wa kwanza wa pembe. Vitabu vyetu vya historia huanza na pembe kwa sababu pembe ilikwenda pwani na ikaandikwa katika daftari za Unguja. Jembe lilibaki shambani, likalika, likaisha.

Suzhou ilisifiwa kwa hariri, na hariri pia ni kitu kiwezacho kufika mbali. Kama Suzhou ingalitengeneza majembe tu, hatujui kama Polo angalihesabu madaraja yake.

Sasa na tuje kwa mwenye mji. Stanley amwita Kaduma “mwana wa mfalme”, naye amweleza kuwa mtu mwema aliyeshindwa na pombe. Juu ya pombe hatuna la kusema; waandishi wa siku zile waliona upesi mno pombe ya mwenyeji, wala hawakuona sana chupa za wenzao. Lakini juu ya cheo tunalo neno. Kwa Kisukuma mtawala wa nchi ni ntemi, na aliye chini yake, msimamizi wa sehemu au wa kijiji, ni ng'wanangwa. Na neno hili lenyewe lina harufu ya “mwana” ndani yake. Hatuoni ajabu kama mkalimani aliyesema Kiswahili alilitafsiri jina la cheo kwa mizizi yake, na Mwingereza akapata “mwana wa mfalme” mahali palipokuwa na msimamizi wa mwalo. Kama dhana hii ni ya kweli, habari yote yageuka. Mwana wa mfalme akaaye katika vibanda vya msonge, akinywa pombe, ni kichekesho. Msimamizi wa mwalo apokeaye wageni, awapaye mahali pa kujenga, na kuilinda mali ya watu wasiokuwapo, ni mtu wa kazi, na mji wake una kazi.

Kadhalika majina ya nchi. Speke, alipotoka Tabora mwaka 1858 na kuliona ziwa Agosti 3, alilipa jina la malkia wake, akalitia mbele ya neno Nyanza, ambalo kwa wenyeji ni ziwa tu, maji makuu. Wafanya biashara wa Kiarabu nao walikuwa wakiliita ziwa lote Ukerewe, jina la kisiwa. Na hili Usukuma, ambalo leo twalitaja kana kwamba ni jina la ukoo mmoja tangu asili, ni neno la upande: sukuma ni kaskazini, kama dakama ilivyo kusini. Aliyewaita watu hawa Wasukuma alikuwa amesimama kusini yao, njiani, akitazama mbele. Majina haya yote matatu ni ya mpita njia. Twayatumia, wala hatutaki kuyafuta. Lakini mwalimu akiyafundisha na aseme yametazama kutoka wapi.

Liko fungu jingine katika Stanley ambalo hupenda kusomwa kwa kicheko. Alipowauliza watu wa Kageye habari za ziwa, aliambiwa kwamba pwani zake zina watu wenye mikia, na wengine wafugao mbwa wakali wa vita, na wengine walao watu; na ya kwamba kulizunguka kwahitaji miaka mingi. Stanley aliona ujinga hapa. Sisi twaona mambo mawili yawezayo kusemwa. Kwanza, wavuvi wa Ukerewe waliofika Kageye kwa mitumbwi hawakuwa wajinga wa maji yao. Wao wenyewe walikuwa ushahidi kwamba ziwa lapitika. Pili, kila mji uishio kwa kuvusha watu hauna haja ya kumfundisha mgeni njia ambayo kesho ataipita bila kuulipa. Mabaharia wa pwani yetu walijua kuzungumza namna hii na wageni tangu zamani, na wafanya biashara wa Venice walijua vile vile. Habari ya mikia yaweza kuwa hofu, yaweza kuwa mzaha, yaweza kuwa ulinzi wa biashara. Msomaji asiyeuliza ni ipi kati ya hizo hajasoma bado.

Baada ya Stanley walikuja wamisionari, na hapa kalamu yetu yageukia nyumba yetu wenyewe. Smith na O'Neill wa C.M.S. walifika Kageye mwaka 1877, na Desemba ya mwaka huo waliuawa Ukerewe pamoja na mfanya biashara Sungoro, kwa ugomvi wa Sungoro na mtemi Lukonge juu ya jahazi lililoundwa kisiwani. Mackay alifika Kageye Juni 1878. Barua zake, zilizochapishwa na dada yake mwaka 1890, zaeleza alivyokuta mali ya misioni imerundikwa nyumbani bila utaratibu: vyombo vya mtambo wa mvuke pamoja na vitabu, herufi za kupigia chapa pamoja na misumeno, mbegu za bustani na karatasi, kutu juu ya kila chuma. Wasomaji wengi hulipenda fungu hilo kwa sababu laonyesha bidii ya Mackay, aliyeyatengeneza yote kwa mikono yake. Ni kweli. Lakini mali hiyo ilikuwa imekaa pale miezi kama sita tangu wenyewe kuuawa, katika nchi ambayo kipande cha chuma kilikuwa fedha. Mackay aliikuta. Mji ambao ni pango la wanyang'anyi usingaliacha hata msumari mmoja. Kitabu chaona kutu. Nasi twaona uaminifu wa watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Upande wa Wakatoliki ni hivyo hivyo. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulifika Kageye Desemba 1878. Padre Lourdel na Bruda Amans waliondoka kwa mtumbwi Januari, wakafika Entebbe Februari 17, 1879, na siku hiyo Kanisa la Uganda laikumbuka kwa haki. Lakini Padre Livinhac na wenzake walibaki Kageye miezi kadhaa wakingojea kuitwa; hawakufika Buganda ila Juni. Livinhac huyu ndiye aliyekuwa baadaye askofu, kisha mkuu wa shirika lake lote. Je, miezi ile alikula chakula cha nani? Alijifunza nini juu ya watu aliokaa nao? Katika masimulizi mengi miezi ile hupita katika sentensi moja, kama mtu asimamaye mlangoni akikung'uta viatu. Hata kituo cha Bukumbi, kilichoanzishwa mwaka 1883 baada ya mapadre kutoka Buganda, husimuliwa mara nyingi kama kimbilio la waliofukuzwa kwingine. Na Usambiro, alikofia Askofu Parker mwaka 1888 na Mackay mwenyewe Februari 8, 1890, hukumbukwa kwa makaburi yake. Tena mifupa ya Mackay ilihamishiwa Namirembe mwaka 1927.

Hatusemi kwamba waandishi hao walidanganya. Macho yao yalikuwa Buganda, kwa kuwa huko ndiko walikotumwa. Lawama yetu ni juu yetu sisi tuliopokea masimulizi hayo na kuyafundisha katika shule za Usukuma na Uzinza bila kugeuza kiti tulichokalia. Mtoto wa Geita afundishwaye kwamba Injili ilipita kwao ikienda kwa wengine ajifunza jambo moja juu ya Injili na jingine juu ya nafsi yake, na la pili ni baya.

Hapo yafaa tujizuie, kwa maana liko kosa la upande wa pili. Hatutaki kuifanya Kageye kuwa Suzhou. Haikuwa na kuta wala madaraja wala vitabu, na vibanda vyake vilikuwa vya miti na majani kama Stanley alivyoona. Na jambo lililo zito zaidi: njia ile ile iliyoleta ng'ombe na samaki ilileta pia watumwa. Sungoro aliyeuawa pamoja na wamisionari alikuwa mfanya biashara wa watu, na mwandishi akiitaja Kageye bila kuwataja waliofungwa kamba hapo atakuwa amechonga ramani ya uongo. Twaongeza hili tu, kwamba Mfereji Mkuu wa China nao ulichimbwa kwa kazi ya shokoa, na watu wengi mno walikufa humo. Lakini tangu mwaka 2014 umeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, na wageni huenda kuutazama. Dhambi za mji wa mawe husamehewa upesi kuliko dhambi za mji wa majani.

Kufifia kwake kwaelezeka kwa maneno machache. Wajerumani walichagua Mwanza kuwa kituo chao. Reli ya Waingereza toka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa, penye Kisumu ya leo, mwaka 1901, na meli zikaanza kuvuta bidhaa upande huo. Kisha reli ya Tabora ikapita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Msafara wa miguu haukuwa na kazi tena, na mji ulioishi kwa msafara ukarudi kuwa kijiji cha wavuvi.

Kazi yenyewe ya kuvusha, hata hivyo, haikufa, ilihama tu. Ghuba ile iliyovusha majembe ya Warongo ilivushwa kwa kivuko miaka mingi kati ya Kigongo na Busisi, na Juni 2025 likafunguliwa daraja la urefu wa kilomita 3, lenye jina la Rais John Pombe Magufuli, ambalo mtu wa Geita hulipita kwa dakika chache. Na toka Ihelele, katika pwani ya ghuba iyo hiyo, maji ya ziwa hupandishwa na kupelekwa kwa mabomba hata Kahama na Shinyanga, kazi iliyozinduliwa mwaka 2009. Hivyo nchi kavu ya Shinyanga imepata mfereji wake, ijapokuwa umefukiwa chini ya ardhi na hakuna mashua ipitayo ndani yake.

Limebaki jambo moja la kutendwa. Stanley aliandika bidhaa, hakuandika bei. Hakuandika jembe moja lilikwenda kwa samaki wangapi, wala ng'ombe kwa majembe mangapi, wala mwenye mtumbwi alilipwa nini, wala nani aliamua ugomvi sokoni. Majembe yalitolewa katika mahari siku za zamani, na wazee hukumbuka hesabu ya mahari hata wakisahau hesabu nyingine. Maneno ya Kisukuma na ya Kizinza ya kupimia, ya kukodi mtumbwi, na ya kutajia sehemu zake, yafaa yakusanywe katika pande zote mbili za ghuba, yaandikwe kama yasemwavyo bila kusahihishwa kwa Kiswahili, na mwandishi ataje kijiji alipoyasikia na umri wa aliyemwambia.